Malalamiko Juu ya Gari Langu Kuuzwa Huku Ninalo

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, mimi mkaguzi wa shule mstaafu, msomaji wa gazeti lako tangu enzi zile wino wake ulipokuwa ukibaki vidoleni. Afya yangu ni njema isipokuwa goti la kushoto na heshima yangu, na hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekagua shule. Nimehesabu madawati, nimenusa vyoo, nimefunua madaftari ya mahudhurio ambayo walimu wakuu walidhani nitayapita. Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuazima wanafunzi arobaini kutoka shule ya jirani ili darasa lionekane limejaa. Niliwatambua kwa soksi. Sisemi haya kwa kujisifu, bali ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuchezewa.

Miezi miwili iliyopita ulichapa ukurasa wenye kichwa "Dalili Kumi za Tapeli wa Magari Mtandaoni". Niliukata kwa mkasi, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, na kila aliyekuja kunywa chai kwangu nilimsomea. Sasa naulalamikia ukurasa huo kama ifuatavyo.

1. Picha. Umeandika kwamba picha za tapeli huwa za kuokoteza, gari liko nchi nyingine, nyuma yake kuna theluji. Gari ninalokuandikia ni dogo, la kijani, na limeegeshwa uani kwangu. Ni langu, nimelimiliki miaka kumi na moja. Jumatano moja asubuhi muuguzi mmoja alibisha hodi getini, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akasema amekuja kuchukua gari lake. Alikuwa ameshatuma pesa ya kulishikia. Akanionyesha tangazo kwenye simu. Gari langu! Limepigwa picha kutoka juu ya ukuta wangu, na nyuma yake, kwenye kamba, imeanikwa fulana yangu ya ndani, ile yenye tundu kwapani. Theluji iko wapi, Ndugu Mhariri? Ni kweli kwamba mlango wa nyuma, ambao shemeji yangu aliuponda kwenye nguzo ya geti siku aliyoliazima kwa "dakika tano tu", haukuonekana pichani. Lakini hata mimi mgeni akija humsimamisha upande ule mwingine.

2. Maneno. Umeandika kwamba tapeli husifia mno. Huyu ameandika: "Gari la mzee mstaafu, mtaratibu, analiosha mwenyewe, halijawahi kukimbizwa." Kuna uongo gani hapo? Katika ndoa yangu yote sijawahi kuelezwa vizuri namna hiyo. Mama watoto aliusoma mstari huo mara mbili, akauliza mzee huyo anaishi wapi, maana angependa kumfahamu. Kama ningekuwa bado kazini, tangazo hilo ningelipa alama themanini, na hizo ishirini ningezikata kwa sababu ya ule mlango.

3. Tabia. Hapa ndipo uliponiumiza. Baada ya muuguzi alikuja kinyozi, kisha wachumba wawili wanaotaka gari kabla ya harusi, kisha mwoka mikate na dada yake. Jumla ni sita, na wote wamelipa. Kila Jumamosi wanakuja, wanakaa kwenye benchi langu, wanalitazama gari, kisha wananitazama mimi. Wameamua kwamba tapeli ni mimi. Gari liko kwangu, fulana ya pichani iko kwenye kamba, na siku ya kwanza nilitoka nje nikiwa nimevaa nyingine ya aina hiyo hiyo.

Nilijitetea kwa upole. Kinyozi akatoa gazeti lako mfukoni (ndiyo, gazeti lako) akasoma dalili ya sita: tapeli huwa mpole na mwenye maneno mengi ya heshima. Basi nikakasirika. Akasoma ya saba: ukimbana kwa maswali, tapeli hukasirika. Nikaingia ndani nikaleta kadi ya gari yenye jina langu. Akasoma ya nane: usibabaishwe na karatasi, zinaghushiwa. Nikanyamaza. Ya tisa, Ndugu Mhariri, inahusu wanaonyamaza. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, hilo nalijua, lakini wewe mtego umeutega mlangoni kwangu kisha ukaniuzia kwa bei ya gazeti.

4. Wahusika. Nilikwenda polisi. Ofisa akaniuliza nimeibiwa nini. Nikasema gari. Akauliza liko wapi. Nikasema nyumbani. Akauliza funguo ziko wapi. Nikazitoa mfukoni, nikazitikisa. Akafunga kitabu chake, akaniambia mzee nenda kapumzike, jua ni kali. Niliwaandikia pia wenye ule mtandao wa matangazo. Walinijibu kabla sijaondoa kidole kwenye simu, wakanishukuru kwa kuvutiwa na gari hilo, wakaniorodheshea mengine matano yanayofanana nalo.

5. Ufunguo. Hili naliandika kwa uchungu. Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa bomba la mtaa wetu. Alfajiri nilifungua, jioni nilifunga, na hakuna aliyewahi kupanga ndoo yake nikamruka. Ufunguo huo niliuning'iniza shingoni hata siku ya kumwoza binti yangu. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja fundi cherehani ambaye watoto wake wote wanne walisoma katika shule nilizozikagua mimi, alikuja na wajumbe wawili. Hakukaa. Akasema si kwamba wananishuku, hasha, ila maneno yamekuwa mengi na lisemwalo lipo, kwa hiyo ufunguo ukae kwake kwa muda. Nikauvua nikampa. Sasa nachota maji nikiwa kwenye foleni kama watu wote, na ninapopita mazungumzo hukatika. Wa dukani, aliyekuwa akiniachia sukari mpaka mwisho wa mwezi, siku hizi hunikunjulia kiganja kwanza. Naona aibu, Ndugu Mhariri. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

6. Ukaguzi. Nikasema liwalo na liwe, tapeli nitamnasa mwenyewe. Nilimwandikia nikijifanya mnunuzi. Alinijibu "Shikamoo mzee" kabla sijamtajia umri wangu. Nikamkagua kwa dalili zako na yale mashauri uliyoyapanga chini yake, moja baada ya jingine, kwa kalamu nyekundu. Umesema bei ikiwa ya chini mno kimbia. Bei yake ni ya haki kabisa kwa gari lenye umri ule, naujua umri wake. Umesema usilipe kabla ya kuliona kwa macho yako. Nililiona kutoka dirisha la jikoni, nikiwa na kikombe mkononi. Umesema muuzaji asiyetaka ukalione ni mwizi. Huyu aliniambia niende saa yoyote nitakayo, hakuna atakayenizuia. Kweli, hakuna aliyenizuia. Umesema nenda na fundi wako mwenyewe. Nilimwita fundi wangu, akafungua boneti, akasikiliza injini, akasema gari hili analifahamu na analitolea dhamana. Umesema linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Nililala chini ya gari, goti hili hili, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Umesema hakikisha jina la mwenye kadi ni la mtu anayejulikana na asiye na kesi. Ninamjua. Hana kesi.

Kumi kwa kumi. Katika kazi yangu yote sijawahi kutoa kumi kwa kumi, hata kwa shule za masista.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, uchape dalili ya kumi na moja, kwani hizi kumi zinamkamata mzee asiye na hatia na kumpitisha mwizi akiwa na cheti. Pili, utangaze kwa herufi kubwa kwamba mwenye fulana ile si tapeli, tena ni mtu makini ambaye hajapata kudanganywa na yeyote. Tatu, aliyeandika ukurasa ule aje akae kwenye benchi langu Jumamosi moja, asubuhi hadi adhuhuri, amtazame muuguzi usoni. Yule binti alikuwa amenuia kumpeleka mama yake hospitali kwa gari lile, wala simlaumu kwa kunichukia.

Wasalimie wachapaji, wasalimie wanaopanga chemshabongo (wiki jana mraba wa nne kwenda chini ulikosewa), msalimie na yule mchora katuni, mwambie mashavu ya wazee asiyazidishe. Hapa nyumbani mama watoto anawasalimu, na wale sita wa kwenye benchi nao wangewasalimu kama tungekuwa tunasemeshana.

Wako katika ujenzi wa taifa lenye macho,

Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua tena. Ombi la pili lifute, hasa pale niliposema sijapata kudanganywa. Jumanne nilituma pesa ya kulishikia gari. Usinicheke. Mkaguzi hawezi kutoa kumi kwa kumi kisha akakataa kutia saini. Halafu yule bwana aliniandikia kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani analifuata, nisipowahi linachukuliwa. Gari langu, Ndugu Mhariri! Niliogopa, nikatuma. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Jumamosi nilitoka uani nikawaonyesha wale sita ujumbe wa malipo kwenye simu yangu. Muuguzi akausoma, akampa kinyozi, naye akampa mwoka mikate. Hakuna aliyefungua gazeti. Kisha wakasogea, wakaniachia nafasi kwenye benchi, na muuguzi akaniambia, "Pole, baba." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa pole kwa jambo hili. Nikakaa.

Mchana wakaenda wote kwa mwenyekiti wa kamati ya maji kunitolea ushahidi. Jioni alikuja na ufunguo, mbele ya wajumbe wake, akasema kamati imejiridhisha kwamba mtu aliyenunua gari lake mwenyewe hana akili za kumwibia mtu.

Sikumbishia. Niliupokea kwa mikono miwili.