Chumvi Chini ya Boya

Jumatatu, 12 Agosti

Wamekuja! Mashua ya watafiti wa bahari kutoka mji wa Split imefungwa kwenye gati letu, maana boya lao liko hapa hapa, mbele ya lango la maji la shamba. Ni watatu: Daktari Ljerka mwenye kofia, nahodha asiyesema kitu, na Zrinka. Zrinka ana miaka kumi na minane, anajifunza kazi kwa Daktari. Ana kovu dogo kidevuni. Akaniuliza jina. Nikasema Srećko. Halafu nikaongeza, sijui kwa nini, kwamba maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto. Akasema ndiyo, hilo analijua.

Aibu! Bibi yangu, Luce, akauliza kama nimepigwa na jua.

Wanapima jinsi bahari inavyopanda mtoni wakati wa kiangazi, ikijipenyeza chini ya maji matamu. Wanaondoka Alhamisi. Alhamisi!

Jumanne, 13 Agosti

Mpango. Watafiti hukaa palipo na jambo la ajabu. Chumvi ikizidi, watakaa. Alfajiri nikamwaga mfuko mzima wa chumvi ya Bibi, ile ya kukaushia nyama, kando ya boya.

Hakuna kilichotokea. Baadaye Zrinka akanionyesha kwenye kioo cha mashine: kipimo kinaning'inia chini kabisa, na huko chini ni bahari tupu. Nimetia chumvi baharini! Alinieleza akiwa ameniinamia begani. Baada ya hapo sikusikia hata neno moja. Nywele zake zinanuka sabuni na dizeli.

Bibi anatafuta chumvi yake. Anasema ni jirani, Mjomba Frane, huyo mwizi tangu utotoni. Sikumtetea.

Jumatano, 14 Agosti

Mpango bora zaidi. Kama chumvi haiongezeki, basi ipungue. Nimevuta kamba ya boya na kuifupisha kwa fundo, kipimo kikapanda hadi kwenye maji matamu. Muda si muda, kelele mashuani! Daktari Ljerka akavua kofia. Akasema bahari haiwezi kurudi nyuma hivi hivi katikati ya Agosti bila tone la mvua, labda huko juu wamefungulia bwawa. Hawaondoki! Watapima mto mzima kwanza.

Zrinka akala kwetu. Mchuzi wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, pamoja na vyura. Alichovya mkate mpaka sahani ikang'aa. Akasema huko Split hakuna anayemsikiliza kama mimi. Sikuwa nimesema lolote tangu tukae mezani. Nimepiga mswaki mara mbili.

Alhamisi, 15 Agosti

Balaa.

Zrinka, kwa wema wake, alimpa Baba habari njema: maji ya langoni ni matamu. Baba anangoja maji hayo tangu Julai. Majani ya michenza yameanza kujikunja. Akambusu Zrinka mashavu yote mawili (mimi hata mkono sijathubutu) akaenda kufungua.

Na lango letu, kama malango yote ya bonde hili, hupandishwa kutoka chini. Kinachoingia kwanza ni maji ya chini. Bahari! Mchenza ukinywa hiyo unageuka kuni. Miti ya babu yangu!

Nilikuwa chooni nikisoma. Nikasikia mnyororo. Nikakimbia na kandambili moja, nikipiga kelele afunge. Baba akasema leo jua limenikamata kweli. Mjomba Frane akasema, "Wewe kijana wa vitabu, waache wanaume wafanye kazi." Nikaruka mferejini, nikajaza mdomo maji, nikayatema miguuni pa Baba. Nikamwambia aonje!

Akachovya kidole. Akaonja. Lango likashuka kwa kishindo. Ni safu ya kwanza tu ya miti iliyolowa.

Wakanigeukia wote. Nimejuaje? Nikaonyesha kamba. Daktari Ljerka alilitazama lile fundo kwa muda mrefu. Zrinka akauliza kwa sauti ndogo kwa nini nimefanya hivyo. Pale ndipo ningesema. Pale pale!

Nikasema ni kwa ajili ya sayansi.

Ijumaa, 16 Agosti

Adhabu: kuimwagia safu ya kwanza maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, mpaka chumvi ishuke. Baba hasemi nami. Anasema na ndoo. "Ndoo, mwambie mwanasayansi aongeze mwendo."

Daktari amefuta vipimo vyote tangu juzi. Wanaondoka leo.

Zrinka alikuja shambani kuniaga. Akabeba ndoo moja mpaka mwisho wa safu, akaimwaga taratibu kwenye shina. Akasema mimi ni mjinga, ila mjinga anayejua lango linavyofunguka. Nisome sana. Nisiguse kitu.

Kisha wakaenda. Mawimbi ya mashua yakapiga gati, yakapungua, yakaisha. Nilibaki nimesimama na ndoo tupu. Mto ukatulia juu kama kioo, na chini yake bahari ikaendelea kupanda, bila mtu kuiona.

Jumapili, 18 Agosti

Dukani wamebandika tangazo! Watafiti wamevisha baadhi ya mikunga lebo za njano ili wajue wanakohamia. Atakayemvua mmoja apige simu, mtu atakuja kumchukua. Namba iliyo chini ni ya Zrinka.

Nimemwomba Mjomba Frane mkunga mmoja aliye hai. Yuko kwenye beseni la Bibi la kufulia. Nimekata lebo nzuri sana kutoka kwenye kifuniko cha njano cha mtindi. Siharibu kipimo cha mtu safari hii. Ni samaki mmoja tu.

Nimejizoeza maneno mbele ya beseni. Zrinka, nimempata. Zrinka, ni mimi, njoo. Mkunga ananitazama. Gundi bado haijakauka.