Uzinduzi wa Kipindi cha "Sisi Ni Nani?" katika Uwanja wa Makanyagio

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi baada ya kujiteua asubuhi ya leo kwa sababu za kiitifaki. Waheshimiwa wajumbe wa meza kuu, mlioketi na mliokosa viti. Waheshimiwa viongozi wa dini, ambao naona mmeshaanza kuangalia saa. Waheshimiwa wazee maarufu na wazee wa kawaida. Waheshimiwa madereva wa bodaboda, na ninyi wa bajaji mliozima injini kwa heshima yangu, pamoja na yule mmoja ambaye hajazima. Ndugu wanangoma kutoka Kakese, mliofika hapa mkiwa na njuga miguuni tangu alfajiri. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa, itazingatiwa. (Makofi.)

Naitwa Zefania Hilari, Kaimu Mratibu wa Muda wa Tume ya Uratibu wa Vipindi vya Runinga vya Utamaduni, Utambulisho, Jamii na Masuala Yanayofanana na Hayo, na nimesimama hapa Makanyagio, katikati ya Mpanda yetu, kuzindua kipindi kikubwa cha runinga ya umma kiitwacho "Sisi Ni Nani?", kipindi ambacho kitachimbua, kitachambua, kitachakata na ikibidi kitachachua utamaduni wetu, hadi kila mwananchi, popote alipo, ajitambue, na akishajitambua, aitambue na ofisi yangu. (Makofi. Vigelegele kutoka kwa wanangoma.)

Nyuma yangu, juu ya meza ile, ipo runinga yenyewe, ya kichogo, imefunikwa shuka la maua kwa ajili ya heshima. Wapo walioniuliza kwa nini tumeleta ya kichogo wakati siku hizi kila kibanda cha chipsi kina flati skrini. Ndugu zangu, fisibiliti stadi tuliyoifanya inaonyesha kwamba utamaduni una kina, na kitu chenye kina hakiingii kwenye runinga bapa. (Makofi marefu. Sauti ya mwanamume: "Mbona haina waya wa umeme?") Hilo ni swali zuri sana na nitalijibu kwa maandishi.

Mkoa wetu wa Katavi umebarikiwa makabila. Tunao Wabende, tunao Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, Wanyamwezi, na bila kuwasahau wanangoma wetu wa leo, Wakongo wa Kakese. (Minong'ono. Sauti ya mwanamke: "Wakonongo!") Nashukuru kwa mchango huo. Wakonogo. (Sauti nyingi: "Ko-no-ngo!") Tutaunda kamati ndogo ya matamshi, ishirikishe stekiholda wote, na majibu yatatoka. Mimi binafsi sina upendeleo kwa kabila lolote, kwa sababu natokea Dar es Salaam. (Kicheko kikubwa. Sauti: "Dar ya wapi? Wewe si mtoto wa Josephina wa Kakese?") Mwananchi, kutokea ni mchakato. Mimi nilipanda treni hapo stesheni ya Mpanda, nikatokea Dar es Salaam. Kwa hiyo natokea Dar es Salaam. (Kicheko.)

(Bibi Pelagia, kiongozi wa wanangoma, anasimama. Njuga zinalia. "Zefania, acha maneno. Mjukuu wangu Emelyne yuko chuo huko Dar. Kila akisema yeye Mkonongo, wenzie wanasikia Mkongo. Wanamlazimisha aimbe Kilingala, na Kilingala hajui. Juzi kanipigia simu analia, anasema bora aseme yeye Mnyamwezi yaishe. Nimemwambia leo asiseme kitu, awakalishe mbele ya tivii wamwone bibi yake. Sasa washa hiyo tivii.")

Mwananchi, hoja yako imepokelewa. (Sauti: "Huyo si mwananchi, ni mama yako mkubwa!") Saa za kazi hakuna mama mkubwa, kuna mdau. (Wanawake wanaguna.) Mdau, tafadhali keti.

Nikirejea kwenye mada, napenda kuutangazia umma kwamba utekelezaji wa mradi huu umefikia asilimia mia moja na nne. Hizo nne za ziada ni jitihada zangu binafsi, kwa kuwa nililazimika kufanya ziara ya mafunzo Tabora, ambako kwa wiki mbili nzima nilijifungia kwenye nyumba ya wageni nikitazama runinga mchana na usiku, nikiwa nimelala chali, ili kujua kwa vitendo mtazamaji anateseka vipi. (Makofi hafifu.) Nilirudi na maumivu ya shingo. Sikudai pole kutoka kwa mtu yeyote.

Awamu ya upigaji picha ninyi wenyewe ni mashahidi. Ilifanyika Kakese baada ya mavuno, mkacheza siku tatu mbele ya kile chombo cha miguu mitatu, na mtaalamu wetu, ndugu Denis, mwenye kofia ngumu ya njano, akawachungulia kwa jicho moja. (Bibi Pelagia: "Alikuwa anatwambia tusogee!") Alikuwa anawapanga. ("Alisema tunamzibia!") Hiyo ni lugha ya kisanii. (Sauti ya mwanamume: "Na yale mawe ya zege aliyochimbia katikati ya uwanja wetu wa ngoma?") Utamaduni wowote, ndugu zangu, lazima uwe na mipaka.

(Shuka la maua linatikisika. Kuku mwekundu anatoka chini yake, anatazama meza kuu, anaruka chini na kukimbilia kwenye bajaji.) Naomba utulivu. Utulivu, jamani. Huo ni mwingiliano wa mawimbi, hutokea hata kwenye nchi zilizoendelea. (Kicheko. Upendo, msichana wa kikundi cha ngoma, ananyanyua simu juu: "Bibi, Emelyne kapiga! Anasema wamekaa na wenzie mbele ya tivii tangu mchana, unaonyeshwa mpira tu!") Mpira nao ni utamaduni. Mwambie avumilie. (Bibi Pelagia: "Wenzie wanamcheka, Zefania!")

Ndugu wananchi, kabla ya kuhitimisha, nawaomba tushikamane kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Sisi ni nani?", mwitikie "Mchakato unaendelea!" Sisi ni nani? ("Wakonongo!" "Wabende!" "Washa tivii!") Hapana, hamkunielewa. Sisi ni nani? (Sauti moja, ya dereva wa bajaji: "Mchakato unaendelea!") Kijana yule apewe maji. Utamaduni oyee! Utambulisho oyee! Mratibu oyee! (Sauti ya mwanamke: "Washa tivii!")

Sasa nitoe shukrani, kwa maana mradi wa ukubwa huu haujengwi na mtu mmoja. Kwanza namshukuru ndugu Denis, mpima ardhi, ambaye alikuja Kakese kupima viwanja, akakuta anachezewa ngoma, na kwa ustaarabu mkubwa akavumilia siku tatu nzima. Na ninakishukuru chombo chake, ambacho kwa mbali, na kwa mtu mwenye imani, kinafanana sana na kamera. Namshukuru fundi Amedeus wa sokoni kwa kutuazima hili kasha la runinga, ambalo ndani yake hamna kitu isipokuwa mayai, na ameomba yasiguswe. Nawashukuru watayarishaji wa kipindi, ambao tutawatafuta pindi kipindi kitakapokuwepo. Nawashukuru sana ninyi kwa kukitazama. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Bibi Pelagia anapanda jukwaani, anavuta shuka. Runinga haina kioo mbele wala kichogo nyuma. Ni fremu tupu na manyasi. Anatoa mayai, moja moja, na kumjaza Kaimu Mratibu viganja vyote viwili.)

Mdau, naomba... haya mayai ni ya moto... maikrofoni yangu naishikaje sasa?

(Bibi Pelagia anazunguka nyuma ya meza, anainama, anaingiza kichwa ndani ya kasha mpaka uso unatokea mbele, kitambaa chake cha kichwa kikigusa juu. Upendo anampigia Emelyne kwa video, anamwelekezea bibi simu. "Emelyne, mjukuu wangu, waite wenzio wote. Wamekuja? Haya. Naitwa Pelagia. Mimi ni Mkonongo wa Kakese, Mpanda. Si Kongo. Ko-no-ngo. Sikilizeni sasa." Anaimba. Wanangoma wanaingia na njuga, uwanja mzima unatifuka vumbi. Kwenye simu wanafunzi wanapiga kelele, na Emelyne anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha Bibi Pelagia anakatisha wimbo ghafla.)

(Anageuza shingo ndani ya kasha. "Hapa alikuwa anaitikia marehemu mdogo wangu, Josephina. Zefania. Hapa ni pa mama yako.")

Ndugu wananchi, protokali ya... kwa mujibu wa ratiba... mimi nimeshahitimisha...

(Wanangoma wanasubiri. Bajaji iliyokuwa inanguruma inazimwa. Kaimu Mratibu anainamisha mdomo kwenye maikrofoni iliyolala mezani, mayai kifuani, anaitikia. Anaitikia kwa Kikonongo, ubeti wote, bila kukosea neno. Uwanja unalipuka kwa vigelegele.)

Ndugu wananchi, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hapo nimeitikia kwa niaba ya ofisi. (Uwanja mzima: "Weee!") Haya. Haya, jamani, si kwa niaba ya ofisi.

Mama mkubwa, sogea kidogo humo ndani, na mimi Emelyne anione. Nyie, nani anishikie mayai?