Sanduku Lisilokula Stima

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Majengo, Nyeri. Mwaka wa thelathini na mbili tangu tuondoke shambani kule Bonde la Ufa. Baridi. Ukungu hadi karibu adhuhuri.

Wangechi, mwenye ploti tunayopanga, amegonga kila mlango. Tokeni za stima zimekwisha tena mapema. Mita ni moja, wapangaji wote tunachangia. Aliuliza ni nani anayekula stima. Sikutaja jina. Nilitazama tu mlango wa Moffat. Niliutazama kwa muda.

Moffat ni mwalimu mstaafu, mwenye kompyuta kubwa kama banda la kuku. Haizimwi usiku wala mchana. Humo amejaza filamu, na ploti nzima huzitazama kwenye simu kupitia intaneti yetu ya pamoja. Wanamwita Mwalimu Sinema. Mimi wananiita Mzee wa Gazeti. Haivumiliki!

Mpango: nami nitakuwa na sanduku la kuhifadhia filamu. Dogo, kimya, linalokula stima kidogo kuliko taa. Jumamosi wanangu na wajukuu wanakuja. Wataona, kila mmoja kwenye simu yake, filamu ya harusi ya kifungua mimba wetu ya mwaka 1991: boma, tangi la maji, marehemu mke wangu Warigia akicheka na mwiko mkononi. Picha nyingine ya nyumba ile hatuna. Nyumba yenyewe ilichomwa katika ghasia zilizotufukuza.

Jumanne, 6 Agosti
Nimesoma mambo ya diski mpaka macho yakauma. Mjukuu wangu Ivy, anayesoma chuo na kukaa kwangu, anasema njia rahisi ni kuchomeka diski yetu ya zamani, yenye filamu ya harusi, kwenye kile kifaa cha intaneti. Kweli ni rahisi. Lakini kifaa kimetundikwa ukutani kwa Moffat. Warigia hatalala ukutani kwa Moffat.

Kuna sanduku la diski mbili, moja ikinakili nyingine. Ivy alilipenda. Nikamweleza kwamba diski mbili zitakula mara mbili, nami nataka ushindi safi. Diski moja! Akasema basi tuweke nakala kwenye kompyuta ya Mwalimu. Nilimwambia neno hilo lisisikike tena nyumbani kwangu.

Jumatano, 7 Agosti
Dukani kwa Abdikadir. Sanduku limepatikana, dogo kama Biblia. Nikampa na diski ya zamani ili apunguze bei, baada ya Ivy kuhamisha filamu. Abdikadir akasema, mzee wangu, hii haina maneno, inataka hewa tu.

Jioni tulijaribu. Simu ya Ivy jikoni, yangu kitandani. Warigia alicheka vyumba viwili kwa pamoja. Niliketi kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Kisha nikaenda kumsomea Wangechi hesabu ya stima. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sanduku linaweza kuchemsha chai.

Alhamisi, 8 Agosti
Moffat alichungulia dirishani, akauliza kama nimenunua redio ya mtoto.

Kosa langu ni kuliacha uchi. Nyumba yenye heshima haiachi chombo uchi. Nimelirudishia nailoni lililokuja nayo, kwa sababu ya vumbi. Nikaliingiza kwenye kabati la kioo. Juu nikaweka kitambaa alichofuma Warigia, cha waridi chenye ukingo mweupe, alichokibeba begani siku tuliyoondoka. Sasa linaonekana kitu cha watu.

Ivy akasema, "Guka, toa hiyo nailoni. Itachemka." Nilimuuliza ni nani amewahi kuchemka Nyeri mwezi wa Agosti.

Ijumaa, 9 Agosti
Limechemka.

Harufu ya plastiki. Diski iligongagonga, kisha ikanyamaza. Nilikimbia kwa Abdikadir. Hii, akasema, imekufa kabisa. Ile ya zamani? Ameshaifuta, ameiuza kwa mtu wa Nanyuki.

Sijamwambia mtu. Mpango: nitawasimulia filamu mwenyewe, kwa mchoro. Filamu zinawaharibu watoto hata hivyo.

Jumamosi, 10 Agosti
Walifika wote. Nilichora boma nyuma ya kalenda: tangi, zizi, jikoni. Walinivumilia. Kisha mwanangu Kingori, aliyeondoka kule akiwa mdogo, akauliza mlango wa jikoni ulitazama upande gani. Nilishika kalamu. Sikukumbuka. Mlango aliosimama mama yake kila jioni, nami sikukumbuka.

Ivy akatoka. Alirudi na Moffat, aliyevaa kofia ya sufu na koti la kanisani.

"Leta watu wako kwangu, mzee," akasema. "Filamu yenu iko kwa mashine yangu tangu Jumatano."

Yule msichana alikuwa amenikaidi! Tukajazana chumbani kwa Moffat, watoto chini, wazee kitandani, ile kompyuta ikivuma kama posho mill ikisaga mahindi. Mlango ulitazama tangi. Warigia alitokea hapo na mwiko wake. Moffat akataka kujua ati kwa nini chapati ziliisha kabla ya wageni wa nyuma kufika.

Jumapili, 11 Agosti
Baada ya kanisa nimemfahamisha Wangechi, kwa faida ya ploti, ni mashine gani iliyovuma jana tangu mchana hadi tukalala. Ni haki yake kujua.

Abdikadir ana sanduku jingine, dogo zaidi. Diski moja. Nimemwambia aniwekee. Ivy anasisitiza mbili. Vijana hawajui hesabu.

Kingori anasema Desemba atachukua gari, twende sote tukaone mahali palipokuwa boma, tupige picha mpya. Nimemwambia waende, wapige picha, waniletee niziweke kwenye sanduku. Mimi kule sitarudi.