Mataulo Mawili ya Misri

Jumanne, 1 Novemba 1955

Leo ni leo! Kamati ya maulidi ya mtaa wetu hapa Mabawa imekutana baada ya alasiri. Maalim Faki anakuja kutoka Pemba kutusomea maulidi Jumamosi ya tarehe 12. Swali likawa alale kwa nani. Mikono miwili tu ikanyanyuka: wangu, na wa Zubeiri, fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mwaka jana mgeni alilala kwake. Tangu siku hiyo hawezi kushona hata kifungo bila kusema, mgeni wangu alipokuwa hapa. Mwaka mzima! Nimekonda.

Mzee Abdulwakil, mwenyekiti wetu, amesema kamati itapita kukagua nyumba zote mbili Jumatano ya wiki ijayo. Zubeiri ana kitanda cha chuma chenye springi. Mimi nina nini? Nina jina, Mwinyijuma, karani wa mizani. Nina mke mpishi hodari. Nina shangazi mzee, Bi Semeni, chumba cha uani. Na nina bafu lenye shimo sakafuni.

Mke wangu Mwatumu amesema nichukue pesa zilizomo kwenye kopo la majani ya chai, ninunue saruji, nizibe shimo, kwisha maneno. Wanawake hawaoni mbali. Nani amewahi kusifiwa kwa kutokuwa na shimo?

Lazima nipate kitu ambacho Zubeiri hana. Naandika haya yote ili wajukuu zangu wasije wakasimuliwa na yeye.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimepata!

Nimekutana na Methusela sokoni. Methusela ni Mbondei, dobi, anafulia Wazungu wa Raskazone mwaka wa kumi sasa. Nikamuuliza wakubwa wanampa mgeni kitu gani wakitaka ajione mfalme. Akafikiri. Akasema, taulo. Si taulo la kufutia vyombo, bali taulo la kuogea la pamba ya Misri, refu kama mtu, nene, laini. Duka la Velji mjini limeletewa juzi. Meupe.

Nikamuuliza kama yana thamani ya bei yake. Akasema inategemea. Mwenye bafu la ndani, beseni la kuogea ukiwa umelala, na mtu wa kumfulia, yatamfaa. Akaniuliza bafu langu lina paa. Nikamwambia tusitoke nje ya mada.

Ameniusia mambo mawili: taulo jipya lifuliwe mara tatu kabla ya kutumiwa, na lisitiwe kanji ya kukazia nguo kamwe. Nimemshukuru kwa adabu. Ushauri wa dobi huo! Dobi gani hatataka nguo ifuliwe mara tatu?

Jumamosi, 5 Novemba

Mimi si mtu wa kununua kwa pupa. Nimefanya uchunguzi.

Nimekwenda kwa Velji asubuhi, nikashika taulo, nikalipapasa, nikaliweka shavuni mpaka Velji akakohoa. Nikamwachia saa yangu ya mkono ili nilichukue taulo kwa nusu saa tu. Nikalipeleka ghalani kwetu, kwenye mizani ya marobota ya katani. Nikaliweka. Mshale haukutikisika. Nikapanda mimi mwenyewe: ratili mia moja thelathini na moja. Nikapanda nikiwa nimelikumbatia taulo: mia moja thelathini na tatu! Kisha nikapanda na kanga ya Mwatumu, ambayo nilikuwa nimeichukua kambani bila kumsumbua kwa kumwomba. Mia moja thelathini na moja vilevile.

Yaani kanga haina uzito wowote. Miaka yote hii tumekuwa tukijifuta kwa hewa!

Sayansi imesema. Nimenunua mawili. Kopo la chai sasa lina majani ya chai.

Mwatumu ameyatazama mataulo, akatazama uani lilipo bafu, akarudi jikoni. Nadhani furaha imemzidi.

Jumapili, 6 Novemba

Jaribio la kwanza. Nimeoga ndoo mbili ili taulo lipate kazi ya kutosha. Nikaanza kujifuta.

Ajabu. Taulo halinywi maji. Linayahamisha tu. Ya begani yanakwenda mgongoni, ya mgongoni yanakwenda kwenye goti. Nimefuta robo saa, nikatoka nimelowa kuliko nilivyoingia. Mwatumu akanirushia kanga juu ya ukuta wa makuti. Nikakauka mara moja, lakini sikuwa na raha.

Nimefikiri sana baada ya adhuhuri. Tatizo nimelijua: taulo ni laini mno, limelegea. Hata kanzu yangu ya Idi isipotiwa kanji huning'inia tu. Nimepika sufuria nzima ya kanji ya unga wa muhogo, nzito. Nimezamisha taulo moja. La pili nimeliacha, maana mtu mwenye akili hubakiza akiba.

Jumatatu, 7 Novemba

Limekauka. Limesimama!

Nalisema kama lilivyo. Nimelitoa kambani, nikaliegemeza pembeni mwa chumba, nikaliachia, nalo likabaki wima peke yake. Shangazi Semeni alipoingia amelisalimu. Nani amewahi kuona kanga ikisimama?

Kulitumia ni kazi kidogo. Limenikwaruza mgongo mpaka Mwatumu akanipaka mafuta ya nazi. Lakini hilo si la kuogea tena, ni la kuonwa. La kuogea ni lile laini. Kila jambo limekaa mahali pake.

Jumanne, 8 Novemba

Siku ya ushindi.

Kesho kamati inakagua, na leo alfajiri nimekuta mende juu ya taulo laini. Mende! Nikaomba ruhusa kazini, nikasema kuna shughuli nzito nyumbani. Nikaenda mbio duka la Jaku pale kona, taulo kwapani ili watu walione. Nikaagiza karafuu maiti ya kufukuzia mende, pamba ya kufungia hiyo karafuu maiti, marashi ya waridi na udi. Upesi upesi.

Jaku akatazama vile vitu. Akatazama kile kitambaa cheupe kwapani. Akaniuliza hali ya shangazi. Nikasema amelala. Akaniuliza taratibu, ni leo? Nikamwambia ni jambo la nyumbani, watu watajua kesho, na tafadhali asimwambie Zubeiri. Akanishika mkono muda mrefu. Akakataa pesa yangu! Nikajua hapo hapo kwamba habari za mataulo zimeshamfikia.

Baada ya saa moja niko chumbani nafukiza udi, nikasikia kilio. Kufungua mlango, barazani pamejaa! Wanawake wamekuja na masufuria na vikapu vya mchele. Wanaume wanatandika mikeka. Mzee Abdulwakil amesimama na tasbihi yake, anasema sote ni wa Mungu. Na nyuma yake, jeneza la msikitini. Aliyelibeba mbele ni Zubeiri, machozi yanamtiririka. Maana Zubeiri na mimi tulikua pamoja, na ni shangazi Semeni aliyekuwa akitugawia vitumbua, yeye kimoja na mimi kimoja. Nakiri nami nililia kidogo. Bado sikujua nani amekufa.

Mlango wa uani ukafunguka. Shangazi akatoka, ushungi upande, usingizi machoni, akauliza ni nani jamani. Zubeiri akaliachia jeneza. Mtu mmoja akamjibu shangazi kwa unyonge kwamba ni yeye.

Sijawahi kusikia matusi yaliyopangwa vizuri namna ile. Alianza na Jaku, akapita kwa kamati yote mmoja mmoja, akaja kumalizia kwangu. Mzee Abdulwakil naye alikuwa amenigeukia, ndevu zinamcheza, anataka kujua karafuu maiti ilikuwa ya nini. Nikaona yote yamekwisha. Mgeni amekwenda kwa Zubeiri, na jina langu limekwenda pamoja naye.

Ndipo nikayatoa mataulo. Moja nikalisimamisha katikati ya mkeka. Lingine nikalifunua. Nikasema kwa sauti: pamba ya Misri, kwa ajili ya Maalim Faki! Mzee Abdulwakil akauliza, Misri ile ya wanazuoni? Nikamwambia Misri haiko mbili. Akaligusa kwa ncha ya kidole, akasema bismillahi.

Hapo shangazi akasema kwamba yeye amezikwa hai mbele ya mtaa mzima, na haondoki pale mpaka alipwe. Malipo anayotaka ni huyo Maalim alale nyumba hii, amwombee dua ya umri mrefu, asikie kwa masikio yake. Na la sivyo atakwenda kukaa barazani kwa mwenyekiti. Mzee Abdulwakil alifikiri kwa muda mfupi sana. Mgeni ni wa Mwinyijuma, ukaguzi hauhitajiki. Mchele umeshaletwa, upikwe. Watu wakala mpaka magharibi. Zubeiri alikula sahani mbili, na shangazi akamwekea ukoko.

Mataulo yameshinda! Shangazi naye alisaidia kidogo.

Ijumaa, 11 Novemba

Maalim Faki ameshuka bandarini asubuhi, mzee mwembamba, mcheshi. Nimempa shikamoo na kumbusu mkono. Mtaa mzima umetoka kutazama. Zubeiri alikuwa dirishani anatia uzi kwenye sindano. Hakuwa na sindano.

Kabla mgeni hajaoga, Mwatumu alichukua taulo la kanji, akalikunja mara mbili, akalilaza juu ya shimo la bafuni. Nilipiga kelele. Akauliza kama ninayo saruji. Lakini limekaa barabara! Mgeni alikanyaga mara moja akasifu sakafu.

Lile laini nilimtundikia ukutani kwa mikono yangu. Nikasimama nje kusubiri sifa. Maji yakamwagika. Yakaacha. Akatoka mkavu kabisa, kikoi chake mwenyewe kimelowa mkononi. Na taulo? Amelitupia begani, pindo moja mbele, moja nyuma, limemkaa kama shali la kadhi. Akanishukuru machozi yakimlengalenga. Amesema amesoma maulidi visiwa na miji mingi, hakuna aliyewahi kumpa shali la Misri.

Nikafungua kinywa. Mwatumu akanikanyaga mguu. Nikafunga kinywa.

Jumamosi, 12 Novemba

Maulidi imefana. Nimeona kwa macho yangu watu mia tatu wamesimama kumswalia Mtume, na mbele yao Maalim Faki ameng'aa na taulo la kuogea begani. Nimeona watu wakiligusa pindo. Shangazi Semeni ameombewa dua hadharani, kwa jina, umri mrefu, akaitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Zubeiri alinisogelea kwenye halua. Akauliza lile shali limetoka wapi. Nikamwambia Misri. Akauliza linapatikana kwa nani. Nikatafuna halua yangu polepole mpaka ikaisha. Ndiyo saa tamu kuliko zote katika maisha yangu, nikihesabu na harusi.

Jumatatu, 14 Novemba

Maalim ameondoka jana kurudi Pemba, na taulo begani. Leo watu watatu wa mtaa huu wamekwenda msikitini na mataulo. Mwenyekiti ni mmoja wao. Methusela amepita na baiskeli yake, akasimama, akatazama, akaondoka bila kuuliza.

Mimi sikwenda msikitini. Mguu wangu uko juu ya mto. Leo asubuhi nilioga kwa furaha, ndoo tatu, nikiimba. Kumbe siku zote nne za kuogewa juu yake kanji imekuwa ikiyeyuka. Taulo lililegea ghafla, nami nikazama shimoni mpaka pajani. Walionivuta ni Mwatumu na Zubeiri, ambaye aliruka ukuta kwa kelele zangu, taulo jipya begani. Alilitumia kunifuta. Halikunyonya tone. Nikamwambia alitie kanji.

Shangazi amenikanda kwa mafuta ya moto, kila akikanda anataja jeneza. Mwatumu ameweka kopo la chai mbele yangu, amelifungua, ameondoka. Ndani kuna pesa tena. Ameuza mchele uliobaki wa ule msiba. Hakusema ni za nini, na hakuna haja. Nimemwelewa mke wangu.

Nimemtuma Jaku kwa Velji. Velji ana zulia la bafuni, la kukanyagia, pamba ya Misri tupu, nene kidole kizima. Kwa kipimo changu linafunika shimo lote na kubaki. Safari hii nitalitia kanji mara mbili.