Kuku wa Pindo wa Mama

Jumamosi, 1 Februari

Nimewaleta! Vifaranga wa Wayandoti, ile mbegu ya kuku wa pindo, ndani ya boksi la viatu, nimewapakata safari nzima. Sasa hivi ni sufi tupu, lakini wakikua kila unyoya wa dhahabu utazungukwa na pindo jeusi, safi kama limepita kwenye cherehani. Kama wale wa Mama.

Utotoni mwetu, jioni Mama alikuwa akikaa kwenye kigoda, kuku mmoja mapajani, anapitisha kidole kwenye pindo. Alikuwa akisema fundi aliyeshona hili hajawahi kukosea kipimo. Mimi niliingia ushonaji kwa sababu ya kuku. Sijawahi kumwambia mtu.

Mpango: Mama anazeeka peke yake. Mdogo wangu, tunayemwita Meneja ingawa hajasimamia hata mlango, anataka ahamie kwake. Ana televisheni kubwa kama kitanda. Mimi nitakuwa na mitetea! Mama akija mwezi wa tano na kuwasikia wakitetea uani, kwisha kazi.

Mama mfugaji aliyeniuzia alinishauri nisubiri. Eti Wayandoti wadogo hawajulikani jike wala dume mpaka upanga wa kichwani ujitokeze. Nisubiri nini? Nilining'iniza sindano kwa uzi juu ya kila kifaranga. Ikizunguka, jike. Ikienda mbele na nyuma, dume. Nimechukua wa kuzunguka tu. Mama mfugaji aliniangalia kwa huruma. Wivu!

Jumapili, 30 Machi

Pindo limeanza kutoka! Nimesimama bandani mpaka chai ikapoa. Harufu ya maranda na pumba ikanirudisha mbali: mimi na Meneja tumechuchumaa kando ya jiko, vifaranga katikati yetu, tunagombea nani amnyweshe yule mdogo kuliko wote. Alikuwa akinishinda kwa kulia.

Mke wangu anasema panga zao zimekuwa nyekundu mno. Nikamwambia ni afya. Akauliza ni afya gani hiyo iliyowakamata wote kwa pamoja. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumapili, 27 Aprili

Aibu. Meneja alipiga simu, anakuja kukagua mayai. Mayai yenyewe hata dalili. Nikakimbia dukani, nikarudi na yai la kahawia, nikalilaza kwenye kiota, nikalipaka uchafu kidogo lionekane la leo. Kazi ya fundi!

Meneja akaliokota. Akaligeuza. Kisha: “Kaka, kuku wako wamesoma. Wameandika mpaka tarehe ya kuharibika.”

Muhuri! Wa bluu! Sikuangalia upande wa pili.

Nikasema hiyo ni mbegu mpya. Ameondoka anacheka. Amefika kona bado namsikia.

Jumamosi, 31 Mei

Mama alifika jana jioni. Nikamlaza chumba chenye dirisha la uani, asikie mitetea wakiamka.

Alfajiri akawika mmoja. Wa pili akamjibu. Wakafuata wote, kila mmoja kwa sauti yake. Jike hata mmoja wa dawa hayupo! Nikajifunika shuka usoni. Mke wangu akaanza kuwahesabu kwa sauti.

Nilipotoka, Mama ameshakaa uani, jogoo mkubwa mapajani, katulia kama mgeni wa heshima. Macho ya Mama hayaoni vizuri siku hizi. Kidole kinaona. Kilikuwa kinapita kwenye pindo, unyoya kwa unyoya. Akasema, “Hawa ndio wenyewe.” Kisha akaniuliza kama nimekula.

Meneja akaingia, mdomo tayari kwa kejeli. Akamwona Mama. Akaketi chini, miguuni pake, na suruali yake ya kazini! Nikaketi upande wa pili. Mama akawataja kuku wa zamani mmoja mmoja, na alipomsahau yule aliyekuwa akitagia kwenye kapu la nguo chafu, tulimtaja sote wawili kwa mpigo.

Jumapili, 1 Juni

Nimemuuliza Mama waziwazi: kwangu au kwa Meneja? Ameshangaa. Kwani nani kasema anahama? Ana nyumba yake, ana majirani zake, alikuja kututembelea. Kisha akanyoosha kidole: “Huyu mkubwa nifungieni kwenye kapu. Naondoka naye.”

Ameondoka naye. Dirishani mwa basi ulitangulia kuonekana upanga mwekundu, ndipo mkono wa Mama ukapunga. Meneja alidai vumbi limemwingia jichoni. Mvua ilikuwa inanyesha!

Jumamosi, 7 Juni

Jogoo wa Mama hawezi kuishi kapera. Nimerudi kwa mama mfugaji. Alinisihi nichukue matembe waliokwisha kukua, ambao hata kipofu anajua ni majike. Nimekataa. Kosa langu nimeshaligundua: sindano ni chuma, na chuma huvutwa huku na huku. Safari hii nimetumia sikio. Kifaranga anayelia kwa upole ni jike. Meneja alinishikia boksi, na anasema sikio lake ni kali kuliko langu. Tumechagua wapole watupu.

Mama akipata mitetea wote hawa, kazi itamzidi. Atahamia tu. Kwangu, bila shaka. Meneja sijamwambia.

Mmoja wa wapole anatamba mezani ninapoandika, kifua mbele, ameshanidonoa kidole mara kadhaa. Binti mwenye msimamo, huyo!