Mashimba na Kifaurongo wa Ghala la Mkolani

Jongeeni, enyi mlao wali bila kuuliza ni nani aliyeulinda, mpate habari za Mashimba wa Magu, simba wa mizani, mpima pamba wa ushirika kwa miaka kumi na tisa, hata ushirika ulipopunguza watu naye akapunguzwa wa kwanza.

Mwaka ule wa tisini na nne, biashara ilipokuwa ya kila mwenye lori, tajiri kijana aitwaye Chenge alifungua ghala la mchele Mkolani, akampa Mashimba ufunguo kwa majaribio ya wiki moja. Sharti lilikuwa hili: Jumamosi akionekana mdudu hai, ufunguo unarudi. Nyumbani Mashimba alikuwa na watu saba wasioshiba sifa, naye aliutaka ufunguo ule kuliko wokovu.

Jumamosi asubuhi akatokea adui, mdudu mweusi wa mgongo mgumu, mkubwa kama harage, ambaye hata kitabu cha bwana shamba hakikumjua. Shujaa akavua kandambili, akanguruma, akaipiga sakafu mara nane, na mara ya tisa akampata. Adui akalala chali, miguu imekunjwa.

Getruda, mpeta mchele, akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Baba Kulwa, huyo kifaurongo. Msage kwa kisigino."

"Mama," akanena Mashimba, "mimi nimehudhuria semina. Ushindi husomewa risala mbele ya mgeni rasmi."

Ndivyo walivyolelewa watu wa ushirika: kazi haijaisha mpaka isomwe. Akamlaza marehemu mezani juu ya karatasi nyeupe, akaandika kurasa mbili.

Chenge alipofika, Mashimba akasimama wima akasoma. Alikuwa bado akimshukuru mgeni kwa kukubali mwaliko, marehemu akakunjua mguu. Kwenye "mafanikio" marehemu alikuwa ukingoni mwa meza. Kwenye "matatizo" akadondoka, akashika njia ya magunia. Mashimba alimwona, lakini risala haikatizwi, basi akaendelea kusoma, mpumbavu yule.

Getruda akaweka ungo chini, akainua kisigino, akasaga.

Chenge akamkabidhi Getruda ufunguo. "Mzee wangu," akamwambia Mashimba, "utabaki. Ufagio upo nyuma ya mlango."

Basi vizazi na vijue kwamba siku hiyo Mashimba, simba wa mizani, alimwondoa adui ghalani kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii adui alikuwa amekufa kweli.