Mpasheni Wangu na Wivu wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Mpasheni umeshameza kichanja, kamba ya nguo na nusu ya dirisha la jikoni. Maua tele. Tunda? Hata la dawa! Mke wangu ametangaza kuwa mama yake akija Jumapili akakuta majani matupu, panga litafanya kazi. Nimecheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimewakamata wezi! Nyuki weusi, wanene, wanaingia mauani kama kwao. Nikawapiga dawa mchana kutwa. Jirani yetu, nesi mstaafu, akachungulia juu ya ukuta akasema jamani, baba, waache, bila hao maua hayashiki tunda. Yeye eti huwawekea gogo bovu watoboe, wakae. Ana pasheni za kugawa mtaa mzima, halafu anawatetea wezi. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Maua yote chini. Mke amenoa panga mbele yangu. Mmea huu nimeulea tangu una majani mawili. Naogopa, kusema kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimenunua pasheni sokoni, nikazifunga kichanjani kwa uzi mweusi. Ukitazama kwa mbali, neema tupu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kafika. Nikampa shikamoo mbili. Akataka kuchuma mwenyewe. Nikamwomba apumzike kwanza, jua kali. Hakupumzika. Akavuta moja, zikaja tatu na uzi wake. Mke akaingia ndani, akatoka na panga. Nikapiga magoti, nikakumbatia shina. Mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia bintiye amwache baba wa watu, ampe mwezi mmoja. Kisha akanong'onezana na nesi pale ukutani, na gogo moja bovu likahamia kwetu. Nikalipokea kwa mikono miwili. Mbele ya mkwe hakuna ubishi.

Alhamisi, 20 Machi
Tunda! La kweli! Kijani, dogo kama punje ya harage, na halina uzi! Nimelia. Mke kaligusa kwa kidole, akarudisha panga stoo. Nimeshinda, tena bila msaada wa mtu. Sasa kazi ni kulilinda tu. Wale weusi wamerudi, wametoka kwenye lile gogo, wanazunguka maua mapya yaliyochanua.

Bomba nimeshalijaza dawa.